Mada ya 9: Kuwasha Linux kwa Faili la ISO Lililomo Ndani ya Diski Kuu

Soma swali hili kwanza, kisha ulijibu kichwani kabla hujaendelea.

Swali la 1. Kompyuta ya maabara ya shule ina Linux ndani ya diski kuu. Kifaa chake cha kusomea CD kimekufa na milango yake ya flashi haishiki. Mwalimu amepakua faili la ISO la toleo jipya la Ubuntu na kulihifadhi kwenye diski hiyo hiyo. Eleza jinsi unavyoweza kuiwasha kompyuta kwa faili hilo bila CD wala flashi. (Alama 6)

Jibu la watahiniwa wengi huwa hivi: "Nitanakili faili la ISO kwenye diski kuu kisha nitaizima na kuiwasha kompyuta." Jibu hilo halina kosa la lugha, lakini kwa kipimo cha mwongozo huu halivuki alama 1. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa itaingia kwenye mfumo wake wa zamani kana kwamba faili hilo halipo. Alama 5 zilizobaki zimo katika kueleza nani analifungua faili hilo, kwa amri gani, na nini kinatokea baada ya hapo. Hayo ndiyo tutakayojifunza katika mada hii.

Faili la ISO ni nini

Faili la ISO ni nakala kamili ya diski ya CD au DVD iliyohifadhiwa kama faili moja. Jina linatokana na kanuni ya ISO 9660 ya mwaka 1988, inayoeleza jinsi mafaili na folda zinavyopangwa juu ya CD. Data za CD hukaa katika vipande vya baiti 2,048 kila kimoja. Faili la ISO huvichukua vipande hivyo vyote kwa mpangilio wao, cha kwanza hadi cha mwisho, pamoja na sehemu inayoiwezesha CD kuwasha kompyuta. Sehemu hiyo ya kuwashia ilipangiwa utaratibu wake mwaka 1995, unaoitwa El Torito.

Usichanganye faili la ISO na faili lililobanwa kama ZIP. ZIP unaifungua na kutoa vitu vilivyomo. ISO ni picha ya diski nzima, na inatakiwa isomwe kama diski. Ukiichukua ISO ukaiburuta tu kwenye CD tupu kama unavyonakili wimbo, utapata CD yenye faili moja kubwa ndani yake, na CD hiyo haitawasha chochote. Kosa hili hufanywa hata na mafundi wa mtaani, kwa hiyo lishike.

Nani anajua nini wakati kompyuta inawaka

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, wa kwanza kufanya kazi ni BIOS, au UEFI katika kompyuta za sasa. Hii ni programu iliyohifadhiwa ndani ya bodi kuu. BIOS inavijua vifaa: inajua kuna diski, kuna CD, kuna flashi. Haijui mafaili. Kwenye diski iliyopangwa kwa mtindo wa zamani inasoma kipande cha kwanza tu cha baiti 512. Baiti 446 kati ya hizo ni programu ndogo ya kuanzia, 64 ni jedwali la migao ya diski, na 2 za mwisho ni alama ya uthibitisho. UEFI imeendelea kidogo, kwa maana inaweza kusoma faili lenye jina linaloishia na .efi kutoka kwenye mgao maalumu wa diski, lakini nayo haina habari na ISO yako iliyolala ndani ya folda.

BIOS au UEFI ikishamaliza, inakabidhi kazi kwa kipakiaji. Katika kompyuta nyingi za Linux kipakiaji hicho huitwa GRUB. Hapa mambo yanabadilika. GRUB inajua kusoma mafaili. Inaweza kufungua mgao wa diski uliopangwa kwa ext4, NTFS au FAT, ikaingia ndani ya folda na kutafuta faili kwa jina. Na ina amri moja ambayo kwa mada hii ni ya thamani kuliko zote: loopback. Amri hiyo inalichukua faili la ISO na kulifanya lionekane kama diski inayojitegemea. Faili linabaki pale pale lilipo. GRUB inalitazama kama diski, basi.

Baada ya GRUB inafuata kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Kerneli hupakiwa kwenye RAM pamoja na kifurushi kidogo kiitwacho initrd. Kifurushi hicho ni mfumo mdogo wa kuanzia, wenye programu chache za kutafutia mfumo mkubwa uliko.

Mahali penye mtego

Soma sehemu hii mara mbili.

GRUB ikishapakia kerneli na initrd kwenye RAM, inaondoka. Haibaki nyuma kusaidia. Kila ilichokuwa inakijua kinaondoka nayo, pamoja na ile diski bandia iliyoundwa kwa amri ya loopback. Kerneli inaanza kazi ikiwa haijui kwamba ilitolewa ndani ya faili la ISO. Inakagua vifaa vyake upya, inaona diski kuu, haioni CD yoyote, na inashangaa mfumo uliobaki uko wapi.

Fikiria basi la safari ndefu linalobadilisha dereva njiani. Bibi mmoja alimwambia dereva wa kwanza mapema asubuhi, "Mwanangu, utanishusha penye mbuyu, ukishavuka daraja la pili." Dereva wa kwanza akaitikia. Alipofika kituo cha zamu akashuka, akaenda zake kulala. Dereva wa pili ni hodari na basi ni lile lile, lakini kwenye mbuyu anapita bila kupunguza mwendo. Bibi hakosi haki ya kulalamika, ila dereva wa pili naye hana kosa, kwa sababu hakuambiwa. Dawa ni dereva wa kwanza kumwachia mwenzake karatasi juu ya dashibodi.

Karatasi hiyo katika Linux ni maneno yanayoandikwa kwenye mstari wa kerneli. Kwa Ubuntu neno lenyewe ni iso-scan/filename=, likifuatiwa na njia ya faili. Programu zilizomo ndani ya initrd zinaisoma karatasi, zinapita mgao mmoja baada ya mwingine wa diski zikilitafuta faili lenye jina hilo, na zikilipata zinalifungua upya kama diski bandia, safari hii kwa nguvu za kerneli yenyewe. Ndani yake zinakuta folda ya casper yenye mfumo mzima uliobanwa kwa mtindo uitwao squashfs. Zinaufungua, na kompyuta inaendelea kuwaka hadi unaona skrini ya Ubuntu.

Kwa hiyo faili moja linafunguliwa mara mbili, na watu wawili tofauti. Mtahiniwa anayeandika sentensi hiyo na kuieleza ana alama zake mkononi.

Nakiri nami niliwahi kupita mbuyu huu. Mara ya kwanza kujaribu njia hii niliandika mistari yote ya GRUB kwa usahihi, nikaacha ule wa karatasi kwa kudhani ni pambo. Kerneli iliwaka vizuri kabisa, maandishi yakashuka, kisha skrini ikasimama kwenye neno (initramfs) na mshale unaopepesa. Nilidhani faili limeharibika wakati wa kupakua. Nikalipakua tena kwa bando langu mwenyewe. Tatizo likawa lile lile. Bando zima liliteketea kwa sababu ya neno moja ambalo sikuliandika.

Kazi yenyewe

Tuchukue Ubuntu kama mfano. Mfumo huu ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la lugha za Kusini mwa Afrika lenye asili moja na neno letu "utu". Hadi mwaka 2011 kampuni yake ilikuwa ikituma CD za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Siku hizi utapakua ISO mwenyewe.

Kwanza, hakiki faili. Mtoaji wa mfumo huchapisha namba ya uhakiki ya kila ISO. Fungua dirisha la amri uandike:

sha256sum /iso/ubuntu.iso

Itakupa mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Ulinganishe na ule uliochapishwa. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili si zima. Laiti ningefanya hivi, ningegundua mara moja kwamba ISO yangu haikuwa na kosa.

Pili, chungulia ndani ya ISO uone majina halisi ya kerneli na initrd, kwa sababu hubadilika kati ya matoleo. Matoleo ya zamani ya Ubuntu, kwa mfano, yalikuwa na initrd.lz mahali ambapo sasa pana initrd tu.

sudo mount -o loop /iso/ubuntu.iso /mnt
ls /mnt/casper

Tatu, andika kipengele kipya cha menyu. Fungua faili /etc/grub.d/40_custom kwa mamlaka ya msimamizi. Utakuta mistari michache juu. Usiifute, andika chini yake:

menuentry "Ubuntu kutoka faili la ISO" {
    set isofile="/iso/ubuntu.iso"
    search --no-floppy --set=root --file $isofile
    loopback loop $isofile
    linux (loop)/casper/vmlinuz boot=casper iso-scan/filename=$isofile noprompt
    initrd (loop)/casper/initrd
}

Nne, amuru GRUB itengeneze menyu upya:

sudo update-grub

Zima, washa, na uchague kipengele chako. Kama menyu haionekani, shikilia kitufe cha Shift wakati wa kuwasha kwenye kompyuta ya BIOS, au bonyeza Esc kwenye ya UEFI.

Usikariri mistari hiyo kama shairi. Uielewe mmoja mmoja. Mstari wa set unaliweka jina la faili kwenye kibebeo kiitwacho isofile, ili usiliandike mara mbili na kukosea mara ya pili. Wa search unaitafuta diski yenye faili hilo. Wa loopback unaunda diski bandia iitwayo loop. Wa linux unapakia kerneli kutoka kwenye diski bandia hiyo, na baada ya jina la kerneli ndipo linapokaa neno la karatasi ya dereva. Wa initrd unapakia mfumo mdogo wa kuanzia. Utaona $isofile imetajwa kwa ajili ya GRUB na pia kwa ajili ya kerneli. Hapo ndipo pale tuliposema faili linafunguliwa mara mbili. Sasa unaliona kwa macho.

Angalizo: kuna faili jingine liitwalo /boot/grub/grub.cfg ambalo ndilo GRUB inalolisoma wakati wa kuwaka. Usilihariri hilo. Amri ya update-grub hulifuta na kuliandika upya kila mara, nayo huendeshwa yenyewe kila kerneli mpya inaposakinishwa, kwa hiyo kazi yako itapotea.

Mifumo mingine ya Linux inatumia wazo hili hili kwa maneno tofauti. Debian inayojiendesha bila kusakinishwa inataka boot=live pamoja na findiso=, na kerneli yake iko kwenye folda ya live badala ya casper. Arch inatumia maneno mawili, img_dev kwa ajili ya diski na img_loop kwa ajili ya faili. Ukipewa swali kuhusu mfumo usioufahamu, usibuni neno. Eleza kwamba lazima kuwe na neno la kuiambia initrd faili liko wapi, na kwamba kila mfumo una lake.

Jambo hilo linajibu pia swali ambalo wanafunzi huniuliza kila mwaka: mbona ISO ya Windows haikubali njia hii? GRUB inaweza kabisa kulifungua faili la ISO la Windows na kuorodhesha yaliyomo. Lakini kipakiaji cha Windows kikishapokea kazi hakina mahali pa kuisoma karatasi yetu, wala hakikufundishwa kuitafuta ISO ndani ya folda.

Hesabu za diski katika GRUB

Ukiamua kutotumia search, itakubidi utaje diski na mgao kwa namba. GRUB inahesabu diski kuanzia 0 lakini migao kuanzia 1. Kwa hiyo (hd0,1) ni mgao wa kwanza wa diski ya kwanza, ambao Linux kwa kawaida huuita /dev/sda1. Na (hd1,3) ni mgao wa tatu wa diski ya pili. Toleo la zamani la GRUB lilihesabu vyote kuanzia 0, ndiyo maana vitabu vya zamani vinapingana na kitabu hiki. Tena namba za diski zinaweza kubadilika ukichomeka flashi, sababu tosha ya kupendelea search.

Swali la 2. Faili la ISO liko /home/juma/iso/ubuntu.iso. Amri ya lsblk inaonyesha kwamba /home ni mgao unaojitegemea, /dev/sda3. Andika anwani ya faili hilo kama GRUB inavyoiona. (Alama 2)

Jibu: (hd0,3)/juma/iso/ubuntu.iso

Umeona neno home limekwenda wapi? Linux ikishawaka, mgao wa sda3 hubandikwa kwenye folda ya /home, na kila kilichomo huonekana chini ya jina hilo. GRUB inausoma mgao ukiwa peke yake, bado haujabandikwa popote. Ndani yake hakuna folda ya home; folda ya kwanza ni juma. Njia hiyo fupi ndiyo itakayotumika pia katika iso-scan/filename=, maana initrd nayo inaupitia mgao kwa namna hiyo hiyo.

Kusoma dalili

Njia hii ikikataa, usianze kubahatisha. Mahali iliposimama panakwambia nani amepotea.

Ikiwa umerudishwa kwenye GRUB na ujumbe kwamba faili halikupatikana, kerneli haijaanza bado. Dereva wa kwanza ndiye mwenye tatizo. Kagua njia ya faili, na ukumbuke kwamba Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo: Ubuntu.iso na ubuntu.iso ni mafaili mawili. Unaweza kubonyeza c kwenye menyu upate mstari wa amri wa GRUB, ukaandika ls uone diski na migao inayoonekana, kisha ls (hd0,1)/ uone yaliyomo kwenye mgao wa kwanza. Ukikuta mgao umefichwa kwa nywila, yaani umesimbwa, GRUB haiwezi kuusoma hivi hivi. Hamishia ISO kwenye mgao usiosimbwa.

Ikiwa maandishi ya kerneli yamepita na umekwama kwenye (initramfs), GRUB imefanya kazi yake yote. Dereva wa pili hakupata karatasi, au karatasi imeandikwa vibaya. Kagua iso-scan/filename=, hasa mkwaju wa mwanzo. Kuandika iso/ubuntu.iso bila mkwaju mbele ni kosa dogo kwa jicho na kubwa kwa kompyuta.

Ikiwa skrini ya Ubuntu imetokea lakini programu zinafunga ovyo, rudi kwenye uhakiki wa sha256sum.

Faida na mipaka

Faida ya kwanza ni kasi. Kifaa cha CD cha kasi ya 24x husoma KB 150 × 24, yaani KB 3,600 kwa sekunde. CD iliyojaa MB 700 ina KB 716,800, hivyo kuisoma yote kunachukua takribani sekunde 199, zaidi ya dakika tatu. Diski kuu inayosoma MB 100 kwa sekunde inamaliza kiasi hicho kwa sekunde 7. Faida ya pili, hununui CD wala huifuti flashi yenye kazi za watu. Tatu, unaweza kuweka ISO kadhaa na kila moja ikawa na kipengele chake cha menyu. Nne ni ya siku hizi: ISO ya Ubuntu 24.04 ni zaidi ya GB 5, haiingii tena kwenye DVD ya kawaida ya GB 4.7.

Ukubwa huo una mtego wake. Mgao uliopangwa kwa FAT32 haupokei faili moja linalofikia GB 4. Ukiambiwa ISO ya GB 5 inakataa kunakiliwa ingawa mgao una nafasi ya GB 50, jibu ndilo hilo, wala usitaje virusi.

Mpaka mkubwa ni kwamba njia hii inategemea diski kuu iliyo nzima na GRUB inayofanya kazi. Diski ikifa, ISO iliyomo imekufa nayo. Ndiyo maana fundi mwenye busara haitupi flashi yake. Na chochote utakachohifadhi kwenye mfumo uliowashwa kwa ISO kinaandikwa kwenye RAM, si ndani ya faili la ISO, ambalo ni la kusomwa tu. Ukizima kompyuta kinapotea. Mwanafunzi aliyeandika mradi wake wa somo kwenye mfumo wa namna hii na kuuhifadhi juu ya eneo-kazi, kesho yake hataukuta. Mwalimu hana njia ya kuurudisha. Hifadhi kazi yako kwenye mgao wa diski kuu, kisha kabla ya kuzima ufungue folda uhakikishe imo.

Hatari ya kusakinisha

Watu wengi huwasha kwa ISO ili wausakinishe mfumo mpya. Hapa tahadhari. Ubuntu iliyowashwa kwa njia hii huubandika mgao wenye ISO kwenye folda iitwayo /isodevice, na inaendelea kuusoma muda wote. Ukimwambia msakinishaji aufute mgao huo, unakata tawi ulilolikalia. Kwa kawaida atalalamika kwamba mgao unatumika. Ukilazimisha, utapoteza ISO, mafaili yako, na pengine usakinishaji wenyewe utakatika katikati.

Njia salama ni kuweka ISO kwenye mgao usiokusudia kuugusa. Ukiwa na RAM ya kutosha kuna neno jingine, toram, unaloliongeza kwenye mstari wa linux. Linanakili yaliyomo yote kwenye RAM ili mfumo usiitegemee tena diski. Lakini angalia hesabu: ISO ya GB 5 haiingii kwenye RAM ya GB 4. Katika hali zote, toa nakala ya mafaili yako kwenye kifaa kingine kabla ya kusakinisha. Katika swali la vitendo andika hatua hii iwe ya kwanza.

Jibu la Swali la 1

Mwongozo wa usahihishaji tunaoutumia hapa unagawa alama 6 hivi. ISO iwekwe kwenye mgao ambao GRUB inaweza kuusoma, na ihakikiwe (alama 1). Kipengele kipya kiandikwe kwenye 40_custom na menyu itengenezwe upya kwa update-grub (alama 1). Amri ya loopback inalifanya fali la ISO lionekane na GRUB kama diski (alama 1). Kerneli na initrd zinapakiwa kwenye RAM kutoka ndani ya ISO (alama 1). Kerneli haijui lilipo faili la ISO baada ya GRUB kuondoka (alama 1), kwa hiyo njia ya faili inaandikwa kwenye mstari wa kerneli, kwa Ubuntu iso-scan/filename=, ili initrd ilitafute na kulifungua upya (alama 1).

Zoezi

1. Tofautisha kazi ya amri ya loopback na kazi ya neno iso-scan/filename=. (Alama 4)

2. Amina amewasha kompyuta kwa ISO na imesimama kwenye (initramfs). Rafiki yake anamshauri alipakue faili upya. Je, huo ndio ukaguzi wa kwanza ambao Amina anapaswa kuufanya? Toa sababu. (Alama 3)

3. Faili liko /data/linux/debian.iso na /data ni mgao wa pili wa diski ya pili. Andika anwani yake kwa GRUB. (Alama 2)

4. Namba ya uhakiki ya SHA-256 ina biti 256. Kila herufi ya mfumo wa namba wa kumi na sita inabeba biti 4. Onyesha kwa hesabu kwa nini namba hiyo huandikwa kwa herufi 64. (Alama 2)

5. Kompyuta ina RAM ya GB 8, diski yenye mgao mmoja tu, na ISO ya GB 5 ndani ya mgao huo. Mwenyewe anataka kuufuta mgao wote na kusakinisha Ubuntu upya, na hana flashi. Mshauri hatua kwa hatua, ukitaja atakachopoteza umeme ukikatika katikati ya kazi. (Alama 6)